SOMO LA VIKUNDI: WAZIRI WA AKINA MAMA, WATOTO NA WAZEE NI MTUMISHI WA NANI?



Katika mikutano mingi ya vikundi vya kujisaidia, pesa za wazee zikichelewa, au mtoto yatima akikosa mtu wa kumtetea, huwa mtu mmoja anasimama na kusema, "Tumwandikie Waziri!" Watu wote wanapiga makofi. Halafu chai inanywewa, mkutano unafungwa kwa maombi, na barua haiandikwi. Na hata ikiandikwa, hakuna anayejua vizuri itapelekwa kwa Waziri yupi, au ikifika huko itafanya kazi gani.

Somo hili tumeliandaa ili tulishike jambo hili kwa mikono miwili. Hatutaki kumsifu Waziri yeyote wala kumtukana. Tunataka kuelewa kazi yake, kwa sababu kazi hiyo inagusa nusu ya watu wetu na zaidi: akina mama, watoto, na wazee wetu.

Mwisho wa somo, kila mwanachama aweze:
1. Kueleza Waziri ni nani, na yuko chini ya nani.
2. Kutaja haki za watoto na za wazee zilizo ndani ya Katiba.
3. Kupanga ngazi za kufuata shida ikitokea, kuanzia kijijini mpaka Bunge.
4. Kusaidia kikundi kuandika barua moja inayoeleweka.

Kwa kiongozi wa somo: Tengeni saa mbili. Somo likiwa refu, ligaweni mara mbili. Tafuteni karatasi kubwa na kalamu nene. Kama kuna mtu aliye na Katiba ya Kiswahili, aje nayo. Wanachama wasiojua kusoma wasiachwe nyuma: mtu mmoja asome kwa sauti, kipande kwa kipande, halafu watu waongee.

SEHEMU YA 1: MCHEZO MFUPI

Wanachama watatu waigize. Wasisome tu; wazungumze kama watu wanavyozungumza ofisini.

KARANI: Habari ya asubuhi, nyanya.
NYANYA: Nzuri, kijana wangu. Nimekuja kuuliza pesa ya wazee. Huu ni mwezi wa nne sijaona kitu.
KARANI: Kitambulisho uko nacho?
NYANYA: Hiki hapa.
KARANI: (Anaangalia kwa haraka.) Hapa unaonyesha umelipwa. Rudi kwa wakala.
NYANYA: Wakala ndiye ameniambia nije kwa serikali.
KARANI: Basi ngoja kidogo, itaingia tu.
NYANYA: Haya. Na huyu mjukuu wangu? Wazazi wake walikufa, niko naye mimi. Shuleni wanataka cheti cha kuzaliwa na hana.
KARANI: Mambo ya watoto si hapa, nyanya. Hapa ni ya wazee. Nenda ofisi ya watoto.
NYANYA: Iko wapi?
KARANI: Zamani tulikuwa pamoja. Siku hizi ni wizara nyingine. Ulizia huko mbele.
(Nyanya anatoka nje. Jirani anamngojea.)
JIRANI: Nyanya, umesaidiwa?
NYANYA: Nimeambiwa ningoje. Mwanangu, mimi nimengoja tangu Uhuru.

Maswali ya kuanzia:
a) Mmeona nini katika mchezo huu?
b) Karani alisema kweli wapi, na alikosea wapi?
c) Kuna swali gani ambalo nyanya hakuuliza?
d) Mambo kama haya yanatokea kwetu? Kwa nini yanatokea?

Kiongozi asiharakishe hapa. Waacheni wazee waongee kwanza, maana wao ndio wanaolala njaa.

Angalieni jambo moja. Shida za nyanya huyu ni mbili tu, lakini milango ni mitatu. Pesa ya wazee ina ofisi yake. Ulinzi wa mtoto una ofisi yake. Na cheti cha kuzaliwa hakitolewi na ofisi ya wazee wala ya watoto; kinatolewa na ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Kwa hivyo karani alimtuma nyanya mahali pasipotoa cheti. Afisa wa watoto angeweza kumwelekeza, ndiyo, lakini hangeweza kumpa. Nauli imepotea bure.

SEHEMU YA 2: WAZIRI NI NANI?

Watu wengi wanafikiri Waziri ni kama tajiri mwenye ghala, na ukimpigia magoti vizuri atafungua mlango. Hivyo sivyo. Waziri ni msimamizi. Ghala ni la wananchi, na funguo amepewa kwa muda.

Katiba yetu ya 2010 inasema hivi kuhusu Mawaziri:

• Wasipungue 14 wala wasizidi 22.
• Rais ndiye anayewateua, lakini Bunge la Taifa lazima liwakubali kwanza.
• Waziri hawezi kuwa Mbunge wakati huo huo. Zamani, chini ya Katiba ya kwanza, Waziri alikuwa Mbunge.
• Waziri anawajibika kwa Rais, na lazima alipe Bunge taarifa kamili za kazi yake kila mara.
• Kamati ya Bunge ikimwita aje ajibu maswali, ni lazima aende.

Je, kibali cha Bunge ni maneno matupu? Hapana. Agosti 2024 Bunge la Taifa lilimkataa mtu aliyeteuliwa kuwa Waziri wa Jinsia. Wizara hiyo haikupata Waziri wake kamili mpaka Aprili 2025, Hanna Wendot Cheptumo alipoapishwa. Hapo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, wabunge wetu wana nguvu juu ya Waziri wakitaka kuitumia. La pili, kiti kikikaa wazi miezi mingi, wanaoumia si wakubwa wa Nairobi, ni watu wa chini.

Chini ya Waziri kuna Katibu wa Wizara. Huyu ndiye anayejibu juu ya matumizi ya pesa. Chini yake kuna wakurugenzi, halafu maafisa wa kaunti, halafu maafisa wa kaunti ndogo. Mtu wa mwisho katika mstari huo ndiye tunayemwona sisi. Akituambia "sijui," maana yake Waziri ametuambia "sijui." Kwa hivyo tumwulize afisa huyo kwa heshima, lakini tumwulize.

SEHEMU YA 3: WIZARA HII IMETOKA WAPI?

Tuangalie nyuma kidogo, kwa sababu asiyejua alikotoka hajui aendako.

Mwaka wa 1974 Dkt. Julia Ojiambo aliteuliwa kuwa Waziri Msaidizi. Alikuwa mwanamke wa kwanza nchini kufika hapo. Lakini kuanzia Uhuru mwaka wa 1963 ilipita miaka 32 kabla mwanamke hajawa Waziri kamili. Huyo alikuwa Bi. Nyiva Mwendwa kutoka Kitui, aliyepewa Wizara ya Utamaduni na Huduma za Jamii mwaka wa 1995. Mwaka huo huo, Septemba, aliongoza wajumbe wa Kenya katika mkutano mkubwa wa wanawake wa dunia uliofanyika Beijing, China. Akina mama wengi waliokuwa katika vikundi wakati huo wanakumbuka jinsi neno "Beijing" lilivyoingia vijijini. Wanaume wengine walilifanya mzaha, ati mke akidai haki yake "ameenda Beijing." Mzaha ule umepungua, na mengi yaliyodaiwa wakati ule sasa yako ndani ya Katiba.

Mwaka wa 2008, serikali ya muungano ilipoundwa baada ya ghasia za uchaguzi, kukawa na Wizara ya Jinsia, Watoto na Maendeleo ya Jamii. Waziri wa kwanza alikuwa Esther Murugi, na mwaka wa 2010 akaja Dkt. Naomi Shaban. Hii ndiyo tunaweza kuiita wizara ya kapu moja: akina mama, watoto na wazee wote walikuwa kwa Waziri mmoja.

Mwaka wa 2013 wizara zilipunguzwa na kapu hilo likapasuliwa. Mambo ya jinsia yalipelekwa kwa Wizara ya Ugatuzi na Mipango. Watoto na wazee wakapelekwa kwa Wizara ya Leba. Mwaka wa 2015 jinsia ikahamishwa tena, ikawekwa pamoja na utumishi wa umma na vijana. Mwaka wa 2025 mambo ya watoto yakatoka Leba, yakaunganishwa na jinsia katika Wizara ya Jinsia, Utamaduni na Huduma za Watoto. Wazee wakabaki na Wizara ya Leba na Ulinzi wa Jamii.

Kwa nini tunawasumbua na historia hii yote? Kwa sababu barua nyingi hupotelea hapo. Kikundi kinaandika kwa wizara iliyokufa miaka kumi iliyopita. Majina ya wizara yanabadilika, na majina ya Mawaziri yanabadilika haraka zaidi. Lakini kazi haibadiliki. Kwa hivyo, kabla ya kuandika, ulizeni kwa afisa wa kaunti ndogo au kwenye kituo cha Huduma: "Kazi hii sasa iko kwa wizara gani?"

Mjadiliane: kapu moja ni bora, au makapu mawili? Wengine watasema kapu moja ni bora, kwa kuwa nyanya anayelea yatima anaingia mlango mmoja akatoka na majibu yote. Wengine watasema kapu moja likiwa kubwa sana, wazee wanasahaulika chini, kwa kuwa wao hawapigi kelele. Kila upande una ukweli wake. Msikilizane.

SEHEMU YA 4: KATIBA INADAI NINI KWA WAZIRI HUYU?

Waziri hafanyi kazi kwa huruma yake. Kuna deni lililoandikwa.

Kwa watoto (Kifungu cha 53). Mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Chakula, makao na matibabu. Na kulindwa asidhulumiwe, asitumikishwe, wala asifanyiwe mila zenye madhara. Pia ana haki ya kulelewa na baba na mama, hata kama hawakuoana. Akina baba, mmesikia?

Kwa wazee (Kifungu cha 57). Katiba inamhesabu mtu kuwa mzee akipita miaka 60. Ana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa jamaa yake na kutoka kwa serikali. Pigeni mstari chini ya neno "na". Si jamaa peke yake, wala si serikali peke yake. Mtoto aliye mjini asiseme, "Mama anapata pesa ya serikali." Na serikali isiseme, "Huyu ana watoto."

Kwa akina mama (Kifungu cha 27). Mwanamume na mwanamke ni sawa mbele ya sheria, na wana haki ya nafasi sawa katika siasa, uchumi na mambo ya jamii.

Kwa wote walio wanyonge (Vifungu vya 21 na 43). Maafisa wote wa serikali wana wajibu wa kushughulikia mahitaji ya akina mama, wazee, watoto, vijana na watu wenye ulemavu. Na serikali lazima imsaidie mtu asiyeweza kujitegemea yeye na wanaomtegemea.

SEHEMU YA 5: PESA YA WAZEE NI HESABU YA KIJIJI KIZIMA

Mpango wa kuwapa watu fedha haukuanza jana. Mwaka wa 2004 ulianza kwa majaribio kwa jamaa zinazolea yatima. Katika mwaka wa fedha wa 2006/2007 majaribio ya wazee yalianza Thika, Nyando na Busia. Mwaka wa 2011 ukaja mpango wa watu wenye ulemavu mkubwa. Mwaka wa 2017 serikali ilitangaza kwamba kila aliyetimiza miaka 70, asiyepokea pensheni, ataandikishwa katika Inua Jamii. Malipo ya mpango huo mpana yalianza 2018, shilingi 2,000 kwa mwezi.

Tatizo likaja hapa: waliotimiza miaka 70 baada ya uandikishaji ule walikaa miaka mingi nje ya mlango. Mwaka wa 2023 serikali ikatangaza kuandikisha wengine. Na kuna shida nyingine tunayoijua sote. Wazee wengi walipopewa kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa ulikisiwa tu. Mtu alizaliwa wakati wa njaa fulani, karani akaandika alichotaka. Leo kipande kinasema ana miaka 66, na wajukuu wake wana watoto.

Sasa tufanye hesabu ubaoni.

Mzee mmoja: 2,000 x 12 = 24,000 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365: kama shilingi 66 kwa siku. Hiyo si utajiri.

Lakini tuseme kijiji kina wazee 30 walioandikishwa. 2,000 x 30 = 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 720,000. Pesa hizi haziendi Nairobi. Zinanunua unga kwa duka la hapa, zinasaga mahindi kwa posho mill ya hapa, zinalipa kijana wa hapa alime shamba la mzee. Zikichelewa miezi mitatu, shilingi 180,000 zimekosekana katika kijiji chenu. Hata mwenye duka anaumia, kwa sababu ndiye anayekopesha.

Kwa hivyo mtu asiseme, "Hayo ni mambo ya wazee." Ni mambo ya soko letu.

Tena angalieni ile nafasi ya miaka kumi. Katiba inasema mzee ni aliyepita 60. Mpango wa pesa umeanza na 70. Mtu wa miaka 64 asiyeweza kulima anaangukia wapi? Hilo ni swali la haki la kumwuliza Waziri na Mbunge.

SEHEMU YA 6: NGAZI ZA KUPANDA

Mtu hapandi mnazi kuanzia juu. Fuateni ngazi hizi, na katika kila ngazi andikeni tarehe na jina la ofisi mliyozungumza nayo.

Ngazi ya 1: Kikundi chenyewe. Tengenezeni daftari la wazee na yatima wa kijiji. Jina, nambari ya kitambulisho, tarehe ya mwisho ya kulipwa, shida ni nini. Daftari hilo likae kwa katibu, lisionyeshwe ovyo. Ni siri za watu.

Ngazi ya 2: Chifu au naibu wake, pamoja na kamati ya wanufaika ya lokesheni. Shida nyingi za majina na za mtu wa kumpokelea mzee hurekebishwa hapa.

Ngazi ya 3: Maafisa wa kaunti ndogo. Afisa wa maendeleo ya jamii anashughulikia wazee, watu wenye ulemavu na vikundi. Afisa wa watoto anashughulikia watoto. Kumbukeni: afisa wa maendeleo ya jamii ndiye pia anayesajili vikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Kikundi kilicho na cheti kinachofanya kazi kinasikilizwa upesi zaidi. Angalieni tarehe ya cheti chenu leo hii.

Ngazi ya 4: Afisa wa kaunti nzima.

Ngazi ya 5: Katibu wa Wizara na Waziri, kwa barua. Nakala ibaki kwenu, ikiwa na muhuri wa waliopokea.

Ngazi ya 6: Mbunge wenu, Seneta, na Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti. Hawa ndio wanaoweza kumfanya Waziri aitwe mbele ya kamati. Tena Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Si lazima uwe msomi.

Ngazi ya 7: Ofisi ya Ombudsman inapokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali zinazochelewesha au kudharau watu. Tume ya Jinsia na Usawa inapokea malalamiko ya ubaguzi. Zote mbili ziliundwa mwaka wa 2011.

Mkinyimwa habari, kwa mfano orodha ya malipo imekwama kwa nini, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya serikali mliyoiandikia inatakiwa iamue ombi lenu ndani ya siku 21.

ONYO: Ngazi hizi si za hatari. Mtoto akinajisiwa, mama akipigwa, au mzee akitishiwa maisha, msiandike barua na kungoja. Nendeni polisi na hospitali siku hiyo hiyo. Piga 116 kwa mambo ya watoto, au 1195 kwa dhuluma za kijinsia. Simu hizo ni za bure.

SEHEMU YA 7: BARUA YENYEWE

Barua nzuri ni fupi. Haina matusi, haina sifa za bure. Inasema mambo matano: sisi ni nani, nini kimetokea, tumeshafanya nini, tunaomba nini, na lini tutarudi. Huu ni mfano, jazeni wenyewe.

"Kwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii,
Kupitia: Afisa wa Maendeleo ya Jamii, Kaunti Ndogo ya ........

KUH: WAZEE ...... (idadi) WASIOLIPWA TANGU MWEZI WA ........

Sisi ni kikundi cha ........, chenye cheti nambari ........ Katika kijiji chetu wazee ........ walioandikishwa hawajalipwa tangu mwezi wa ........ Majina na nambari zao tumeambatisha.

Tulimwona chifu tarehe ........, na afisa wa kaunti ndogo tarehe ........ Tuliambiwa ........

Tunaomba tuelezwe kwa maandishi: (1) malipo yamekwama wapi; (2) yatalipwa lini; (3) kama malimbikizo ya miezi iliyopita yatalipwa.

Tutarudi kwa ofisi ya Afisa tarehe ........ kuchukua jibu.

Wako mwaminifu,
Mwenyekiti ........ Katibu ........ Mwekahazina ........
Nakala: Mbunge, Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti."

Wazee wenyewe waweke sahihi au alama ya kidole gumba. Barua ya watu wenye shida ina uzito kuliko ya mtu anayewasemea. Na kabla ya kuambatisha majina, kila mzee akubali kwanza.

SEHEMU YA 8: YALE AMBAYO WAZIRI HAWEZI KUTUFANYIA

Tukiisha kumdai Waziri, tujiangalie na sisi.

Waziri hawezi kuwepo siku ya malipo, kijana wa nyumbani anapompokelea shosho pesa na kumrudishia nusu. Hawezi kujua kwamba mtu fulani anakata "chai" kwa kila mzee anayeandikishwa. Kuandikishwa ni bure. Kikundi ndicho kinachoweza kumsindikiza mzee, kuhesabu pesa pamoja naye, na kumfikisha nyumbani.

Halafu kuna jambo zito, ambalo ni lazima tuliseme wazi. Oktoba 2021, huko Marani, Kaunti ya Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa na umati wa watu kwa kusingiziwa uchawi. Kule Kilifi nako, wazee wengi wamefukuzwa au kuuawa kwa maneno hayo hayo, mpaka pakawa na kimbilio la wazee Kaya Godoma, Ganze. Mara nyingi ukichimba chini ya neno "mchawi" unakuta neno "shamba." Mtu anataka kurithi kabla ya wakati. Macho mekundu ni ya moshi wa kuni wa miaka 60. Kusahausahau ni ugonjwa wa uzee. Na sheria yetu inasema kumsingizia mtu uchawi ni kosa. Wewe unayenong'ona njiani ndiye mwenye kesi.

Hakuna Waziri atakayefika usiku ule kabla ya moto kuwashwa. Atakayefika ni jirani. Kikundi kikikubaliana mapema kwamba hapa kwetu neno hilo halitasemwa juu ya mzee yeyote, na likisemwa tutaenda kwa chifu na polisi pamoja, sisi wote, watu 20 au 30, maisha yataokolewa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni wazee wangapi wamepita miaka 70? Wangapi wanalipwa? Tofauti inatoka wapi?
2. Ni nyumba ngapi ambazo nyanya au babu analea watoto peke yake? Watoto hao wana vyeti vya kuzaliwa?
3. Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti yetu anaitwa nani? Tumewahi kumwuliza swali la kazi, au tunamwita tu kwa harambee?
4. Kuna mzee anayenong'onwa vibaya hapa kwetu? (Msitaje jina mbele ya watu. Viongozi wamtembelee.)
5. Katika kamati yetu, wazee wana sauti, au tunawapa kiti tu na chai?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

• Wanachama wawili waende ofisi ya kaunti ndogo, waulize siku na saa ambazo afisa wa maendeleo ya jamii na afisa wa watoto wanaona watu. Waandike.
• Katibu aanze daftari la wazee na yatima.
• Kila mwanachama amtembelee mzee mmoja, aangalie kitambulisho chake pamoja naye, na kuuliza alilipwa lini mara ya mwisho.
• Mwekahazina atenge nauli kidogo ya kufuatilia. Barua bila miguu haifiki.

Kikundi kitakachofanya kazi hii kituandikie kieleze kimepata nini, hata kama ni "tumeambiwa tungoje." Mkiambiwa hivyo, ulizeni palepale: "Tungoje mpaka tarehe gani?" Halafu andikeni tarehe hiyo ndani ya daftari, mbele ya macho ya aliyeisema.